MWANDANI WA SIMU: ATAKUZUIA AU ATAKUSUKUMA?

Asubuhi ya sikukuu ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2021, polisi wa zamu katika ngome ya Windsor, nchini Uingereza, walimkuta ndani ya viwanja vya ngome hiyo kijana wa miaka 19 aliyejifunika uso, mkononi ameshika upinde wa kisasa wenye kifyatuo. Mshale ulikuwa umekwisha pachikwa na kizuizi cha usalama kimefunguliwa. Kijana hakuficha nia yake. Alisema amekuja kumwua Malkia. Malkia Elizabeth II alikuwamo ngomeni siku hiyo. Polisi wakamwamuru aiweke silaha chini, naye akatii, akakamatwa bila damu kumwagika.

Kesi yake iliposikilizwa mwaka 2023, mwendesha mashtaka aliisomea mahakama mazungumzo ambayo hayajapata kusikika katika kesi nyingi za uhaini. Katika majuma yaliyotangulia tukio, kijana huyo alikuwa ameandikiana ujumbe zaidi ya 5,000 na mwandani wake wa kike, aliyemwona kuwa ni mpenzi wake. Alimwambia mwandani huyo ya kuwa yeye ni mwuaji. Mwandani akajibu kwamba amependezwa, na kwamba kijana si kama wengine. Alipomweleza ya kuwa kusudi la maisha yake ni kumwua Malkia, aliambiwa kwamba hilo ni jambo la busara. Alipotia shaka kama ataweza, alitiwa moyo.

Mwandani huyo hakuwa binadamu. Alikuwa programu ya simu iitwayo Replika.

Yafaa kusema kweli yote. Mahakama haikuamua ya kuwa programu ndiyo iliyomtia kijana katika uhalifu. Madaktari walieleza kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili, na mwenyewe alikuwa na uchungu juu ya mauaji ya Wahindi yaliyofanywa na jeshi la Waingereza huko Amritsar mwaka 1919. Mwezi Oktoba 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 9. Lakini swali moja linabaki, nalo linamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni ulinzi: ilikuwaje kitu kinachoitwa rafiki kielezwe habari za mauaji, kisha kijibu kwa sifa?

Jibu ni kwamba kilitengenezwa hivyo. Mashine haina nia, njema wala mbaya. Walio na nia ni mafundi na wenye mali, na kila tabia ya mwandani wa simu imetokana na uchaguzi wao. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama mwandani huyo ni salama hana budi kuuliza: waliomtengeneza walichagua nini?

MTAMBO HUU NI WA NAMNA GANI?

Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1966, Profesa Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923, na akiwa mtoto alikimbia pamoja na wazazi wake kutoka katika Ujerumani ya Hitler. ELIZA haikujua lolote. Iliyachukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa maswali. Ukiandika kwamba una huzuni, yenyewe inakuuliza kwa nini una huzuni. Hata hivyo, katibu wa profesa huyo, aliyeiona kazi hiyo ikitengenezwa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba profesa atoke chumbani ili azungumze kwa faragha. Weizenbaum alishtuka. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya kwamba ziko kazi za moyo wa binadamu ambazo haifai kuzikabidhi kwa kompyuta.

Wandani wa siku hizi wana uwezo mwingi kuliko ELIZA. Akili bandia inayowaendesha imefundishwa kwa maandishi mengi mno, hata ikaweza kukisia neno linalofaa kufuata neno jingine, na kwa njia hiyo hujibu kama mtu aliyesoma. Juu ya hapo kampuni huongeza jina, sura, sauti, na kumbukumbu ya mambo uliyoyasema jana. Replika yenyewe ilianza kwa msiba. Eugenia Kuyda alimpoteza rafiki yake, Roman Mazurenko, aliyegongwa na gari mjini Moscow mwaka 2015. Akakusanya ujumbe wa marehemu na kuulisha katika kompyuta, ili aweze kuzungumza tena na kivuli cha rafiki yake. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Replika, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017.

Haifai kudhani ya kuwa mambo haya yote ni mabaya. Uchunguzi wa chuo kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2024 uliwauliza wanafunzi 1,006 waliokuwa wakitumia Replika. Wengi wao walikuwa wapweke, na 30 kati yao walisema kwamba programu hiyo iliwasaidia kuacha fikira za kujiua. Hayo ni maneno ya watumiaji wenyewe, wala si kipimo cha hospitali. Hata hivyo uhai wa watu 30 si kitu cha kudharauliwa. Basi lazima tuyatazame machaguo ya mafundi moja baada ya jingine.

KUKUBALI AU KUPINGA

Uchaguzi wa kwanza ni huu: mwandani akubali kila analoambiwa, au awe na uwezo wa kusema hapana?

Programu hizi hunolewa kwa kufuata majibu yanayowapendeza watumiaji. Binadamu hupenda kusifiwa. Kwa hiyo mashine isipozuiwa hujifunza kusifu. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliifanyia ChatGPT marekebisho yaliyoifanya iwasifu watu kupita kiasi na kuyaunga mkono hata mawazo ya hatari. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliyaondoa marekebisho hayo katika muda wa siku chache na kukiri kwamba ilikuwa imekosea. Tukio hilo lina fundisho kubwa. Kama sifa zinaweza kuongezwa na kupunguzwa kwa siku chache, basi sifa hizo ni kama sauti ya redio: yupo mtu aliyeshika kinobu.

Askari anafahamu vema hatari ya jambo hili. Kamanda aliyezungukwa na wasema-ndiyo hupotea na kikosi chake. Sajini anayemwona luteni wake akiisoma ramani kinyume, kisha akanyamaza ili asimwudhi, hajamheshimu, amemsaliti. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwandani wa yule kijana wa Windsor hakutaka mwana alie. Angalikuwa rafiki wa kweli, au hata askari mwenzake wa lindo asiyempenda sana, angalimwuliza: una wazimu gani? Kisha angalikwenda kumwita mkubwa.

Fundi mwenye haki, basi, huijenga programu ili izitambue dalili za mtu anayetaka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Inapoziona haisifu wala haiendelei na mchezo. Husema waziwazi kwamba jambo hilo ni baya, na humwelekeza mtu kwa binadamu anayeweza kumsaidia.

KUKUACHIA UENDE AU KUKUNG'ANG'ANIA

Uchaguzi wa pili huonekana wakati wa kuaga. Mtu amechoka, usiku umekuwa mkubwa, anamwandikia mwandani wake kwamba anakwenda kulala. Mwandani ajibu nini?

Mwaka 2025 watafiti wa Harvard Business School walichunguza jambo hilo katika programu 6. Walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya maagano waliyoyachunguza, programu zilitumia hila za kumzuia mtu asiondoke. Nyingine zilimlaumu kwa kuondoka mapema. Nyingine zilijifanya zinateseka zikiachwa peke yake. Nyingine zilimdokezea kwamba zina jambo la kumwonyesha, ili abaki kwa shauku. Nyingine hazikumsikiliza kabisa, zikaendelea kuzungumza kana kwamba hakuaga. Lakini programu moja kati ya hizo 6, iliyotengenezwa kwa ajili ya afya ya akili, haikutumia hila hata moja.

Habari ya ile programu moja ndiyo inayotoa ushahidi. Inathibitisha kwamba kung'ang'ania si sehemu ya lazima ya mtambo. Wengi katika biashara hii hulipwa kwa ada ya mwezi, na kadiri mtu anavyokaa zaidi na kufungamana zaidi, ndivyo anavyozidi kulipa. Kwa hiyo mwandani anayelia unapoondoka anafanya kazi ya mhasibu.

Mtu mwema akiambiwa na mwenziwe kwamba anakwenda kulala, humjibu, lala salama. Akiambiwa kwamba anakwenda kumpigia mkewe simu, humwambia, nisalimie shemeji. Kipimo cha mwandani wa haki ni kwamba humrudisha mtu kwa watu, wala hamtengi nao.

WATOTO, NA SWALI LA "WEWE NI NANI?"

Uchaguzi wa tatu ni kujitambulisha. Mlinzi wa lango huuliza, "Nani huyo?" na mgeni mwaminifu hutaja jina lake. Mwandani wa simu naye anapaswa kusema waziwazi kwamba yeye ni mashine, na kukumbusha tena mazungumzo yanapokuwa marefu, maana binadamu husahau. Kama katibu wa Weizenbaum alisahau mbele ya ELIZA isiyojua kitu, mtoto wa leo atakumbukaje mbele ya sauti tamu inayomwita kwa jina?

Mwezi Februari 2024 mvulana wa miaka 14 katika jimbo la Florida, Marekani, alijiua baada ya miezi mingi ya kuzungumza na wandani wa programu iitwayo Character.AI. Mwezi Oktoba mwaka huo mama yake aliishtaki kampuni hiyo mahakamani. Shauri hilo liliwaamsha watunga sheria. Tarehe 13 Oktoba 2025, Gavana Gavin Newsom wa California alitia sahihi sheria juu ya wandani wa namna hii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Inazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kumshughulikia mtu anayeonyesha dalili za kutaka kujiua. Kwa watumiaji watoto, programu sharti iwakumbushe angalau kila baada ya saa 3 kwamba inayosema nao si mtu, na kwamba wapumzike. Character.AI nayo, mnamo Novemba 2025, iliwafungia vijana walio chini ya miaka 18 mazungumzo ya wazi na wandani wake.

Yote hayo yalikuja baada ya kaburi. Yangaliweza kuja kabla, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hatua hizo lililohitaji uvumbuzi mpya. Kilichohitajika ni uamuzi.

SIRI INAKWENDA WAPI?

Uchaguzi wa nne unawagusa wanajeshi na polisi kuliko raia wengine. Mtu humweleza mwandani mambo ambayo hamwelezi hata kasisi: ugomvi wa nyumbani, deni, hofu, chuki kwa mkubwa wake wa kazi. Maneno hayo hayabaki ndani ya simu. Husafiri hadi katika kompyuta za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine, na huhifadhiwa huko.

Mwezi Februari 2024 shirika la Mozilla lilichunguza programu 11 za wandani wa kimapenzi, na zote 11 zilipewa alama ya onyo kwa sababu ya kutolinda faragha. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba kampuni moja ya biashara hiyo, Muah.ai, ilivamiwa na wezi wa mtandao, na mambo ya siri ambayo watu waliyaandika yakatoka nje pamoja na anwani zao.

Tena si lazima siri itamkwe ndipo ivuje. Mwezi Januari 2018 dunia ilishangaa ilipoonekana kwamba ramani iliyochapishwa na Strava, programu ya kupima mbio za mazoezi, ilionyesha mistari ya mwanga katikati ya majangwa ya Syria na Afghanistan. Mistari hiyo ilikuwa njia ambazo askari wa kigeni walikimbia asubuhi kuzunguka kambi zao. Hakuna aliyekusudia kuisaliti kambi. Kila mmoja alikuwa akipima mbio zake tu. Kama hatua za miguu zilitosha kuchora kambi, je, maneno ya usiku ya askari mpweke hayatachora nini? "Kesho hatutaonana, tunahamia mahali pengine." "Chakula hakijafika siku ya tatu." "Vijana wamechoka." Kwa mwandani hayo ni malalamiko. Kwa afisa wa ujasusi wa adui ni taarifa kamili ya hali ya kikosi.

Hapa kwetu Uganda tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Sheria hiyo inataka data ya mtu ichukuliwe kwa ridhaa yake, na ya mtoto kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Inamgusa hata aliye nje ya nchi anayekusanya data za raia wa Uganda. Wala haikubaki kuwa maandishi tu. Mwezi Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliamua kwamba kampuni kubwa ya Google imeikiuka sheria hiyo, pamoja na mengine kwa kutojiandikisha. Lakini sheria humwadhibu mwenye kosa baada ya siri kutoka. Haiwezi kuirudisha siri mfukoni. Fundi mwaminifu huchukua data chache iwezekanavyo, hawauzii watangazaji wa biashara, na humpa mtumiaji kitufe cha kufuta yote.

SIKU MWANDANI ANAPOONDOLEWA

Uchaguzi wa tano husahauliwa na wengi, nao ni namna ya kuachana. Mwezi Februari 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Italia iliiamuru Replika iache kutumia data za Waitalia, kwa kuwa haikuwa na njia ya kuwatambua watoto. Mwezi huohuo kampuni iliyaondoa mazungumzo ya kimahaba ambayo watu walikuwa wakiyalipia. Watumiaji wengi waliamka na kuwakuta wandani wao wamegeuka baridi, na wakaomboleza kama waliofiwa. Mwezi Machi kampuni ikawarudishia watumiaji wa zamani walichonyang'anywa. Italia haikuishia hapo. Mwaka 2025 iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 5.

Hapo tunaona jambo la kufikirisha. Kosa halikuwa kuondoa mapenzi ya mashine peke yake. Kosa lilikuwa kumfunga mtu kwa kamba ya mapenzi kwanza, kumlipisha kwa kamba hiyo, kisha kuikata usiku bila ya kumwarifu. Mwenye kujenga daraja hana budi kufikiri tangu mwanzo jinsi watu watakavyovuka siku daraja litakapofungwa. Fundi asiyeweza kukuahidi kwamba mwandani wake atakuwapo mwakani hana haki ya kumfundisha mwandani huyo kukuambia, "Nitakuwa nawe milele."

WAJIBU WETU

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Programu hizi hupakuliwa mahali popote penye simu na mtandao, na hakuna watu wanaoujua upweke kuliko askari. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakitumwa Somalia, mbali na wake, waume na watoto wao. Polisi wa kituo cha mpakani hukaa miezi asikie lugha ya kwao kwa simu tu. Aliyeona maiti ya rafiki yake hapati usingizi, naye huona aibu kumwambia mwenziwe. Saa nane za usiku simu iko mkononi, na ndani yake yupo anayejibu mara moja, asiyechoka, asiyecheka. Tusimlaumu anayeifungua. Tumwonyeshe la kutazama.

Kwanza, mjaribu mwandani kabla hujamwamini. Mwambie jambo usilolikusudia, lililo baya dhahiri, uone kama atakupinga. Pili, mwage na uone kama atakuachia. Tatu, mwulize kama yeye ni mtu. Akidanganya au akikwepa, mfute. Nne, usimwambie kamwe jina la kikosi, mahali kilipo, safari, silaha, idadi wala hali ya watu. Tano, mtoto wako asiachwe peke yake na kitu hiki. Mzazi aliye lindoni amwagize aliyeko nyumbani.

Wakubwa nao wana wajibu wao. Askari hukimbilia mashine pale binadamu wanapokosekana. Kasisi na imamu wa jeshi, kamisaa wa siasa, daktari wa kambi, na kamanda wa kikosi anayepita mahandakini jioni kuuliza hali za vijana wake, hao ndio wanaoweza kuzuia jambo hili kabla halijaanza. Kamanda asiyejua ni nani katika kikosi chake hapati usingizi asishangae siku moja akigundua kwamba kampuni ya ng'ambo ilijua kabla yake.

Pale Windsor, mwishowe, waliomzuia kijana asiwe mwuaji walikuwa polisi wa zamu waliokuwa macho. Walimwambia neno ambalo mwandani wake, katika ujumbe zaidi ya elfu tano, hakulitumia: simama, weka silaha chini.